"Nadini sera," wanasema

Kila uchaguzi ukinukia, ile sentensi inatolewa kabatini, inafutwa vumbi na kuletwa mezani: wagombea wanadi sera, waache kuchafuana. Anaisema askofu, anaisema shehe, anaisema mwenyekiti wa tume. Juzi nimeisikia tena redioni kwa mchambuzi mmoja, safari hii na nyongeza juu: eti mgombea anayemsema mwenzake ni kwa sababu ameishiwa hoja. Nikazima redio.

Aliyeishiwa hoja hakeshi akipekua hansadi za Bunge. Hatumi kijana kwenda maktaba kupiga picha magazeti ya mwaka 2006. Haisomi ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina moja tu. Kumchafua mpinzani ni kazi ya kalamu na daftari kabla haijawa ya kipaza sauti, na watu wanaifanya kwa sababu inalipa.

Tuanze na hizo sera zenyewe mnazotaka zinadiwe. Mwaka 2015 hapa Tanzania chama tawala, CCM, kilisema elimu bure mpaka kidato cha nne. Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, Chadema kikiwemo, wakasema elimu bure mpaka chuo kikuu, na mgombea wao, Edward Lowassa, akawa na wimbo wa "elimu, elimu, elimu". CCM ikaongeza milioni 50 kwa kila kijiji. Wote wawili wakawakumbatia bodaboda na mama ntilie. Sasa niambie, mtu wa Tandahimba au Kahama anachaguaje hapo kwa sera? Lowassa huyo alikuwa mwana CCM mpaka Julai. Oktoba anapambana na CCM. Angetoa wapi sera ngeni kwa miezi mitatu? Waliobaki kutofautishwa ni watu, na mtu hutofautishwa na mtu kwa sifa na kwa aibu. Sifa kila mmoja anajipa mwenyewe bure, kwa hiyo haina thamani sokoni.

Ndiyo maana, na hili wahubiri wetu hawaligusi, matope mazito zaidi ya siasa zetu huchimbwa ndani ya chama, wakati wa mchujo. Watu 42 walichukua fomu za urais CCM mwaka 2015. Ilani moja, rangi moja, wimbo mmoja. Utawatenganisha kwa lipi? Kampeni ya kujivua gamba ya 2011, ya kuwatoa watuhumiwa wa ufisadi ndani ya CCM, ilitoka wapi, upinzani? Karipio la Februari 2014 kwa vigogo sita, Lowassa akiwemo, walioanza kampeni mapema lilitoka wapi? Jalada la Lowassa, kurasa zake nyingi ziliandikwa na wenzake wa kijani.

Sasa hesabu yenyewe. Ahadi inabidi uiamini, lakini tuhuma inatosha uitilie shaka. Ukisema fulani ataleta maji, msikilizaji anauliza kwa hela gani, lini, na kwa nini hakuyaleta jana. Ukisema fulani ana mkono wake kwenye sakata la umeme, haulizi kitu, anakumbuka giza. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, mgawo ukaingia, saluni na mashine za kusaga zikanyamaza mchana kutwa. Juni mwaka huo kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa dharura wa megawati 100, na umeme haukuja kama ulivyoahidiwa. Kumwambia mtu aliyeyapitia hayo neno "Richmond" hakuhitaji takwimu wala mchoro. Nusu ya hotuba anayo tayari kichwani, na mshambuliaji mzuri anajua kuanzia pale kumbukumbu ya msikilizaji ilipoishia.

Halafu kuna wapiga kura wa aina tatu wanaolengwa, na wengi wanadhani ni mmoja. Wako wa siku zote unampa sababu ya kuamka alfajiri: hofu ya yule mwingine inaamsha kuliko mapenzi kwako. Asiyeamua unampa sababu ya kusita. Wa mpinzani wako, huyu ndiye muhimu na ndiye haongelewi, huhitaji kumhamisha. Ukimhamisha umepata mbili, kwa maana mwenzako amepungukiwa moja na wewe umeongeza moja. Lakini kumhamisha ni kazi ngumu. Akibaki nyumbani siku ya kura akisema "wote walewale", umepata moja, tena kwa bei ya chini mno. Kwa hiyo unaposikia kijiweni mtu akisema siasa zote ni uchafu, kura yake haisaidii, usidhani amefika hapo kwa bahati mbaya. Kuna mtu alilipwa amfikishe.

Nakubali shingo upande kwamba hesabu hii haitoki sawa kila mara. Uchaguzi wa 2010 waliojitokeza hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Wa 2015, uliokuwa na matope mara kumi, walifika kama asilimia 67. Ushindani ukiwa wa kweli watu hutoka hata kama wamekasirika, pengine kwa sababu wamekasirika.

Lakini ngoja nikae kidogo kwenye hilo la Lowassa, maana hapo ndipo darasa lote lilipo.

Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alisimama akasoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi. Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikuwemo. Weka kando ubishi wa nani alistahili kuwemo na nani hakustahili. Itazame ile kazi kama fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwenzake. Hakuwaita "viongozi wanaotuhumiwa kutumia vibaya madaraka". Hiyo haiimbiki. Alitumia neno moja la silabi tatu ambalo mtoto analitamka na bibi analielewa. Neno lilikuwepo zamani kwenye kamusi, likimaanisha mharibifu. Kuanzia siku ile likawa na sura. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti yake kuhusu Richmond ikimtaja Lowassa, naye akajiuzulu huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Yeye hakuwahi kushtakiwa mahakamani. Kwa neno lenyewe haikujalisha, lilikuwa limekwishafika vijijini kwa helikopta.

Miaka minane Chadema iliwafundisha Watanzania kuunganisha jina lile na neno lile. Mkutano kwa mkutano, mkoa kwa mkoa. Wanafunzi wakaelewa somo. Halafu Julai 2015 CCM ikamkata Lowassa Dodoma, tarehe 28 akapokelewa Chadema, na siku ya mtihani mwalimu akabadilisha majibu ubaoni.

Mnataka kujua kampeni chafu bora ni ipi? Ni hiyo ambayo mshambuliaji hana haja ya kuandika hata mstari mmoja. CCM haikutunga. Klipu za viongozi wa Chadema wakimwita Lowassa fisadi zilizunguka WhatsApp kuanzia siku ileile, sauti zao wenyewe, majukwaa yao wenyewe. Septemba mosi Slaa mwenyewe akaita waandishi wa habari, akatangaza kuachana na siasa za vyama, akahoji kama mgeni yule ni mtaji au mzigo. Hakuna bajeti ya kampeni duniani inayoweza kununua shahidi kama huyo. Mpinzani wako akikusema, watu wanakata nusu ya maneno yake, kwa sababu wanajua anataka nini. Aliyekuwa upande wako akikusema, hawakati kitu, na wanaongeza.

Jibu la Lowassa lilikuwa lile la mtu mzima: mwenye ushahidi aende mahakamani. Kisheria limenyooka. Kisiasa ni kosa, na ni kosa linalorudiwa na kila anayeshambuliwa. Mahakamani mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekushtaki. Jukwaani uko kwako. "Nendeni mahakamani" msikilizaji wa viwanja vya Jangwani analisikia kama "hamwezi kunifanya lolote". Tuhuma inayohusu jambo watu waliloliona kwa macho inajibiwa kwa karatasi: tarehe, barua, nani aliagiza, nani alisaini. Inajibiwa mapema, mara moja, kwa urefu, kisha unahama. Ukiidokeza kidogo kidogo kila wiki unaimwagilia maji.

Sitaki kukuza mambo kuliko yalivyokuwa. Pamoja na yote hayo Lowassa alipata kura milioni 6 na ushei, asilimia 39.97, wakati Slaa, aliyegombea kwa Chadema 2010, alipata 27. Matope hayakumzamisha. Yaliweka dari tu.

Kazi nyingine ya ufundi ni nani anashika jembe. John Magufuli, mgombea wa CCM, hakuzunguka nchi akipiga kelele za Richmond. Alizungumzia barabara, kazi, watendaji wavivu, na akawa anasema "Serikali ya Magufuli" badala ya Serikali ya CCM, jambo ambalo ukilitafakari lilikuwa dongo kwa chama chake mwenyewe. Kupiga waliachiwa wengine: wazee wastaafu, makada wa mikoa, wasanii wa kwenye jukwaa kabla mgombea hajafika. Mgombea mwenyewe akitukana, tusi linabaki kwenye picha yake. Mpambe akitukana, chama kinasema "yale ni maoni yake", tusi limekwishafanya kazi, na mgombea anapanda jukwaani na shati safi.

Isipokuwa kwenye jambo moja, na lile lilikuwa la kistadi mpaka unalichukia huku unalivulia kofia. Mitaani kulikuwa na maneno mengi kuhusu afya ya Lowassa. Hotuba zake zilikuwa fupi, dakika chache tu, kisha gari. Magufuli hakusema neno. Alishuka chini jukwaani mbele ya umati, viganja kwenye mbao, mgongo umenyooka, akapiga pushapu. Akainuka, akaendelea na hotuba. Picha ikazunguka nchi nzima.

Waliokulia kwenye taarabu wanaijua hiyo. Kijembe hakitaji jina. Kinaimbwa hadharani, kila mtu anamtazama mlengwa, na mlengwa akigeuka kujibu amekiri kwamba kimemchoma. Lowassa angefanya nini? Angesema "mimi si mgonjwa", kichwa cha habari cha kesho yake kingekuwa na neno mgonjwa na jina lake. Angenyamaza, hotuba fupi ya jioni ingekuwa ushahidi. Angepiga pushapu naye, angekuwa wa pili. Kamati ya maadili ya uchaguzi nayo ingeandika nini kwenye shauri? Kwamba mgombea wa chama fulani, mnamo tarehe fulani, alifanya mazoezi ya viungo?

Tulilelewa kwenye lugha ya mafumbo, kanga zetu zinatukanana kwa methali, halafu tunashangaa wanasiasa wanavyopigana bila kugusana.

Inapoharibika nayo ina sababu zake. Uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, Aprili 2012, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. CCM ilipeleka watu wa maneno makali, Livingstone Lusinde akatoa hotuba ambayo watu waliisikiliza wakiwa wamewafukuza watoto sebuleni. Rais mstaafu Mkapa naye, akizindua kampeni, akadai Vincent Nyerere, mbunge wa Chadema aliyesimamia kampeni za upande wa pili, si wa ukoo wa Mwalimu Nyerere. Tuhuma ile ilikuwa na kasoro zote: haikumhusu mgombea, haikuhusu maji wala ardhi ya Arumeru, na ilikuwa inajibika kwa sentensi moja, nayo ikajibiwa. Joshua Nassari wa Chadema akashinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 6,000 kwenye jimbo lililokuwa la CCM. Dongo likikosa mahali pa kushika hurudi lilikotoka, na likirudi linarudi na uzito wa jina la aliyelitupa. La rais mstaafu ni zito.

Ungedhani walijifunza. Tarehe 23 Agosti 2015, Jangwani, uzinduzi wa kampeni, Mkapa huyo huyo akasema wanaodai kuikomboa nchi ni wapumbavu na malofa, maana nchi ilishakombolewa na TANU na ASP, vyama vilivyozaa CCM. Hapa kosa ni jingine, na ni kubwa zaidi: alivuka mgombea akampiga mpiga kura. Ukimwita mgombea fisadi, mfuasi wake anaweza kukimbia bila kuumia, anasema "kumbe alikuwa hivyo". Ukimwita mfuasi mwenyewe lofa, umemfungia mlango wa kutokea. Atakaa alipo, atalibeba lile neno kama nishani. Na vijana wa upinzani walilibeba, wakaanza kujiita malofa kwa raha zao.

Kosa la tatu nalipitia haraka: kwenye kinyang'anyiro cha watatu au wanne, wawili wakichafuana anayevuna ni wa pembeni. Ndiyo maana vyama vikipambana, matope huwa mazito zaidi pale wagombea wa kweli wakiwa wawili tu. La nne ni doa la mshambuliaji. Ukawa walijaribu kumbana Magufuli kwa nyumba za Serikali zilizouzwa akiwa Waziri wa Ujenzi. Ilikuwa hoja halali, yenye nyaraka. Lakini ukiwa umesimama karibu na mtu uliyemwita fisadi miaka minane, nani atakusikiliza ukiongelea nyumba?

Sasa nirudi kwa wahubiri wa ustaarabu, maana sijawamaliza.

Mnaposema "waache kuchafuana" mnachanganya vitu viwili kwenye ndoo moja. Kimoja ni tuhuma ya hadharani kuhusu kazi ya umma: mkataba, nyumba, kura, fedha. Ina mwenyewe, ina tarehe, inajibika. Kingine ni ile ya kunong'ona: chama hiki cha Wachaga, chama kile cha Waislamu, yule ndoa yake, huyu kabila lake si la hapa. Chama cha CUF kilipakwa udini, Chadema ikapakwa ukanda. Kwenye kampeni za 2010 mambo ya ndoa ya Slaa, padri wa zamani, yalisemwa mpaka ilani ikasahaulika. Hiyo ya pili haina mwenyewe. Kampeni kwa taratibu zetu ni saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Hiyo inaanza saa 1 usiku, vipaza sauti vikishazimwa.

Adhabu za maadili zinaangukia wapi? Oktoba 2020 Tundu Lissu, mgombea urais wa Chadema, alifungiwa kampeni siku 7. Kwa kunong'ona kuhusu dini ya mtu? Hapana, kwa kusema jukwaani, kwa sauti, kwamba rais amekutana na wakurugenzi wanaosimamia uchaguzi ili kuuharibu. Mwezi huo huo Zanzibar Maalim Seif, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, akafungiwa siku 5. Bishaneni na walichosema mnavyotaka. Kilihusu jinsi kura zinavyosimamiwa, na kama hilo si jambo la kusemwa kwenye kampeni, sijui kampeni ni za nini. Sikumbuki chama kilichofungiwa hata siku moja kwa kunong'ona ukabila. Wito wa ustaarabu, ukiufuata mpaka mwisho wake, unamlinda mwenye jalada, na mwenye jalada mara nyingi ni aliyekwishakaa madarakani. Asiyewahi kushika ofisi hana mkataba wa kuhojiwa.

Kunong'ona kwenyewe kumepata mashine. Wakenya walituonyesha mwaka 2017. Ilitoka video ya kama dakika moja na nusu, ikionyesha Kenya ya 2020 iwapo Raila Odinga angechaguliwa: njaa, magaidi, nchi inasambaratika. Ukilitafuta jina lake Google unakutana na tangazo linalokupeleka kwenye tovuti ya kumchafua. Nani aliyetengeneza, haikuandikwa. Uchaguzi ulipita, ukafutwa na Mahakama ya Juu, ukarudiwa Oktoba, na Desemba ndipo shirika la Privacy International likaeleza kwamba kazi ile ilitoka Harris Media, kampuni ya Texas. Nchi iliyozika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007 inachezewa hofu na watu wasioweza kukuonyesha Kisumu kwenye ramani.

Hayo ndiyo maji taka. Yafungieni hayo. Wekeni sharti kwamba kila bango, kila klipu ya kulipiwa iwe na jina la aliyeilipia, kisha muone wangapi watabaki na ujasiri. Lakini mgombea anayesimama saa 9 alasiri, jua kali, akamtaja mwenzake kwa jina na kumwuliza kuhusu mkataba wa megawati 100, mwacheni aulize, hata kama nia yake ni mbaya. Nia ya mwulizaji si yangu. Nataka jibu.

Na jibu la lile swali la Mwembeyanga hatukulipata. Novemba 2017 Slaa aliteuliwa na Magufuli kuwa balozi, akaenda Sweden. Machi mosi 2019 Lowassa alirudi CCM, akapokelewa ofisi ndogo ya Lumumba, akasema amerudi nyumbani. Magufuli alikuwepo, watu walipiga makofi. Sikumsikia hata mmoja mle ndani akitaja Richmond.